Mashavu, Nyonga ya Chuma na Mbuzi ya Nazi

Wifi yangu Mashavu wa hapa Umwe kakuna nazi za harusi na maulidi tangu kigori. Akikukuta umekalia mbuzi yake, anakuinua kabla ya salamu. Basi nyonga ya kushoto ikaisha. Akatembea kama bata miaka miwili, mwisho wanawe wakampeleka Dar, akatolewa mfupa, akawekewa chuma.

Akarudi na magongo mawili na masharti gunia zima. Miezi mitatu asikae chini, asichuchumae, asikunje nne. Goti likipanda juu ya nyonga, chuma kitachomoka. Hata kuswali, kitini. Mkeka akawa anautazama kwa mbali, kama anamwonea haya mkwe.

Mie nikacheka. "Wifi, siku hizi u Mzungu? Chini hukai?"

"Cheka. Na yako itaisha, nami nitakuja kucheka."

Wiki ya saba ikaja harusi kwa jirani yetu Nurdini. Mashavu kaketishwa uani kwenye kiti kirefu. Mkamwanawe Rukaiya akakalia mbuzi, anakuna mpaka kifuu, nazi inatoka ya kahawia.

"Mwataka wageni wale wali wa vumbi?" Mashavu akafoka.

Ulimi wangu nao haujui kulala. "Si ukune weye? Au chuma hakitaki?"

Akanitazama. Akaweka magongo chini, akajishusha kwenye mbuzi, magoti yakamfika kifuani. Rukaiya analia, "Mama, daktari kakataza!" Nazi ya kwanza ikatoka nyeupe pee. Ya pili vilevile. Akajipinda kunionyesha bakuli. Ko! Uani kote tukasikia. Mguu ukalala upande, mfupi, kama wa mtu mwingine.

Hospitali wakamlaza usingizi, wakaurudisha. Daktari, kijana mdogo, akauliza alikuwa anafanya nini.

"Nakuna nazi."

"Nani kakutuma?"

Mashavu akaninyooshea kidole. Kijana akaniangalia mie, mtu mzima na kanga zangu, kama mwizi wa kuku.

Sasa miezi mitatu inahesabiwa upya. Nimekwenda mwenyewe kwa Mudy seremala, kaipigilia mbuzi miguu mirefu. Mashavu anapanda juu yake kama hakimu, goti liko chini ya nyonga, anakuna. Ila bakuli likikaa chini liko mbali mno na meno ya mbuzi, lazima mtu alishike. Radhi sijaomba, na siombi. Nalishika.

"Juu kidogo, wifi," anasema, na nazi bado nne.