Mlango Uliongoja Diski

Asubuhi hiyo waligombana juu ya chai. Mke alidai imepoa. Mume akamjibu, "Si ndiwe Bibi Barafu?" Wakacheka wote.

Hilo ni jina la kazini, hospitalini. Kazi yake ilikuwa kugandisha diski ya kompyuta inayotunza majibu ya vipimo vya wagonjwa. Anasimamisha uandishi wote: aliyefika katikati amalize, wengine wapange foleni, yeye achukue nakala, kisha afungulie.

"Ni kama kupiga picha ya harusi," alizoea kumwambia mumewe, seremala ambaye darasa hakulijua. "Watu wasipotulia, wanatoka bila vichwa."

Jana yake alikuwa amehamishia kumbukumbu za mlango wa chumba cha mashine kwenye diski hiyohiyo. Mlango ule haufunguki mpaka uandike anayepita. Basi alipogandisha diski akiwa ndani, mlango nao ukaingia foleni. Akatoa amri ya kufungulia. Amri nayo ikataka kuandikwa kwanza, ikakwama. Chumba ni baridi tupu, yeye ana pumu, na dawa yake ya kuvuta iko mkobani, nje, mezani kwa mlinzi.

Mumewe akaitwa, akaja mbio. Alipiga mtaimbo, chuma kikamcheka.

"Mzee, tukikata umeme mlango unaachia," alisema mlinzi.

"Kata!"

"Thubutu!" Sauti ya mke ilitoka ndani, na kikohozi nyuma yake. "Kuna majibu yako njiani, hayajaandikwa. Ukikata yamepotea. Mtu yuko mezani anapasuliwa, wanangoja kujua damu yake."

"Na wewe je, mama?"

"Mwiba wa kujichoma huo, hauambiwi pole. Vipo vitufe vya dharura vya kufungulia diski, vinakwenda moja kwa moja kwenye kiini cha mashine, havipiti kwenye diski. Nimesahau mpangilio tu. Niache nikumbuke."

Mzee akabaki ameshika swichi ya umeme. Akiivuta, anavunja neno la mkewe. Asipoivuta, anamsikia akikatika pumzi. Kikohozi, vitufe. Vitufe, kikohozi. Kisha vitufe peke yake. Mkono wake haukushuka, wala haukuvuta.

Mlango ukalia, ukaachia. Majibu yote yaliandikwa, hata moja halikupotea. Mke alikuwa sakafuni, midomo imebadilika rangi. Mzee akampakata, akamwekea dawa mdomoni, lakini kifua hakikuwa na nguvu tena ya kuivuta. Wodini hakufika.

Kabla hajakata roho alimtazama mumewe, akanong'ona:

"Ungekuwa wewe uliye humu, baba, mimi ningekata."