Robo ya Paka

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinionyesha kiti, mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, na mlinganyo mmoja ubaoni. "Huu haubishaniwi," akasema. Nilikuwa msichana wa Timbwani mwenye cheti cha hisabati na ubishi wa kuzaliwa nao, lakini siku hiyo niliunakili tu.

Kituo chetu cha utafiti wa nafaka kilikuwa Changamwe, kando ya maghala ya mahindi. Nyinyi mnaobonyeza kompyuta leo, jueni tulivyofanya. Mlinganyo ulieleza habari za windo na mwindaji: panya wakiwa wengi, paka hushiba na kuzaa, paka wakizidi, panya huadimika, paka hupungua kwa njaa, panya huongezeka tena, na duara halikatiki. Nilizungusha mashine, nikachora mistari miwili, wa panya na wa paka.

Kisha wanunuzi wakalalamikia mavi ya paka kwenye magunia. Mkuu akaamua paka waondolewe, wabaki watatu tu, akidai mlinganyo ungewarudisha. Nikapiga hesabu. Panya wakati ule walikuwa wachache, basi mstari wa paka ulishuka hadi robo ya paka mmoja, halafu panya walipozidi ukapanda vizuri. Nikampelekea habari Mzee Salim, mtunza ghala, aliyewajua paka wake mmoja mmoja.

"Robo ya paka?" akasema. "Mwanangu, mie ama nna paka mzima, ama sina paka. Hiyo robo yazaa na nani?"

Niliona haya. Miezi mingi nilikuwa nimechora vipande vya paka bila kushtuka.

Nikachukua nyumbani komwe, zile mbegu za kuchezea bao, nikazitia kwenye kopo la maziwa. Chache nilizipaka wino: kifo. Chache nilizitia chaki: uzazi. Zilizobaki zilimwacha paka kama alivyo. Kila paka wa kwenye daftari nilimchotea komwe yake, mwezi baada ya mwezi, nikairudisha koponi na kutikisa. Nilipoanza na paka wengi, kopo na mlinganyo vilikubaliana, maana bahati mbaya ya mmoja hufidiwa na mwenziwe. Nilipoanza na watatu, mara nyingi walikwisha kabisa, na aliyekwisha hapandi tena.

Mkuu alilitazama kopo kwa kinyaa. "Bi Zuhura, hii ni kamari."

"Kamari ina dau, bwana mkubwa," nikamjibu. "Mie sikuweka kitu. Uliyeweka dau ni wewe, na dau lenyewe ni ghala zima."

Akanisukumia ripoti nitie sahihi kwamba paka wangerudi. Mama yangu alikula kwa mshahara ule, na niliogopa, siwafichi. Lakini sahihi ilikuwa yangu, si ya ofisi. Nikairudisha bila sahihi. Juma lile lile nikahamishiwa Likoni kupanga mafaili, baadaye Kisauni kupanga mengine, na cheo sikukiona tena.

Paka wakabaki watatu. Mmoja aligongwa na lori, wa pili alifia uzazini, wa tatu alikuwa dume. Panya wakaingia kwenye magunia kwa raha zao. Ripoti ikaandika kwamba ilikuwa bahati mbaya isiyotarajiwa.

Nilistaafu mapema, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mkuu yule, sasa Mkurugenzi, alikuja kuniaga mbele ya wafanyakazi wote, akanisifu kwa utiifu. Mzee Salim, aliyekuja na mkongojo wake, akakohoa. Nikatoa lile kopo mkobani, nikamnyooshea Mkurugenzi.

"Chota moja, bwana. Nikuhesabie maisha yako."

Akacheka kidogo, akatazama kopo, akarudisha mkono mfukoni.

Sikudai kujua ni paka yupi atakayekufa. Hayo ni ya Mungu. Nilidai tu kwamba anaweza kufa, na kwamba hesabu isiyolikubali hilo ni uongo ulionyooshwa kwa rula. Nimeambiwa nilipoteza cheo kwa ajili ya komwe. Cheo kile kilitaka sahihi yangu, na sahihi yangu ninayo mpaka leo.