Mzee wa Kanisa Aliyesimama Uani

Jumanne ile nilivaa shati la ibada nikashika njia ya Goba, kwa binti yangu, na moyo ulinidunda kama kijana anayekwenda kuposa. Mke wangu alinitazama nikifunga vifungo vibaya, akacheka. "Taratibu, baba watoto. Amekungoja miaka kumi, hatakimbia leo."

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili. Katika usharika wetu hapa Mwananyamala, msichana akipata mimba kabla ya ndoa huzuiwa Chakula cha Bwana mpaka atubu na kupokelewa upya. Tunaita kurudi kundini. Ilipokuwa zamu ya binti yangu, mchungaji wa wakati ule alitaka kumpokea ofisini, watu watatu tu. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema tukimpendelea mtoto wa mzee, washarika watasemaje? Nikamsimamisha ibada ya pili, kanisa limejaa, kichanga mgongoni, nikalisoma jina lake kwa sauti ya matangazo. Nilitoka pale najiona shujaa wa imani. Yeye hakukanyaga tena kanisani kwetu.

Nami niliendelea na kazi. Kila Chakula cha Bwana kilipokaribia, nilizunguka nyumba za mtaa wangu nikiuliza: kuna mtu hamjapatana naye? Wengine niliwapatanisha. Kwangu hakuna aliyekuja kuuliza, na sikujiuliza.

Wiki iliyotangulia, mchungaji wetu wa sasa, mama wa rika la binti yangu, alitukusanya wazee. "Safari hii tuanze na sisi," alisema. "Nani anahitaji kurudi kundini?"

Mkono wangu ukapanda kabla sijaamua.

"Weee!" mzee mwenzangu akaruka. "Kwa umri huo umempa nani mimba?"

Tulicheka wote, mimi kuliko wote, mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza hayakutaka kukoma. Niliwaeleza. Nikaomba nisimame mbele ya kanisa Jumapili.

"Hapana, baba," mchungaji alisema. "Kanisa hukulikosea. Nenda Goba."

Sijui niielezeje furaha iliyonipata. Ni kama mtu aliyeumwa miaka bila kujua anaumwa nini, halafu siku moja akaambiwa ugonjwa na dawa kwa pamoja.

Binti yangu alikuwa uani anaanika nguo, mjukuu wangu akimpa vibanio.

"Shikamoo, baba. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba."

Aliniletea kiti. Sikukaa. Nilisimama mbele yao, mikono pembeni, kama nilivyomsimamisha yeye, na maneno yote niliyoyapanga njiani yakapotea. Nikasema tu kwamba sikumsimamisha kwa ajili ya Mungu. Nilimsimamisha ili nisifiwe. Mchungaji alitaka kumsitiri, mimi nikamzuia.

Kwa kweli hilo la mchungaji hakuwa amelijua. Nguo ya maji ikamning'inia mkononi.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Nimemchukia yule mchungaji miaka yote hii."

"Ni mimi."

"Mama, kwa nini babu amesimama?" mtoto aliuliza.

Binti yangu aliikamua ile nguo, akaianika, akaibana, akachukua nyingine. Alifanya hivyo mpaka beseni likaisha, nami nimesimama tu, jua la saa sita utosini. Sikutaka kukaa kabla ya kuambiwa. Yeye hakuambiwa akae siku ile; nilimsahau pale mbele, nikaendelea na matangazo.

Mwishowe akafuta mikono kwenye khanga.

"Kaa, baba. Utaanguka."

Nikakaa. Akaingia ndani, akarudi na maji ya kunywa, akauliza huku anatazama kamba ya nguo, "Jumapili Chakula cha Bwana ni ibada ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili!" nilipaza sauti mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.