Mkanda Mwekundu wa Kuruta Bora

Mhoja wa Usagara alikuwa na mbio, hilo hakuna aliyebisha. Mwaka 1994 alipoingia kambi ya makomando kando ya ziwa, aliwaacha wenzake wakila vumbi kila asubuhi. Kulenga shabaha, yeye. Kupanda kamba, yeye. Naye alijijua, tena kupita kiasi, mpaka akawa anatembea kama aliyekwisha kuvishwa mkanda.

Mkanda wenyewe ulikuwa mwekundu, wa kuruta bora. Aliyeupata alibaki kambini kuwa mkufunzi. Wengine walitawanywa vikosini, na huko yeyote angeweza kupunguzwa kazini. Neno hilo Mhoja alilichukia. Baba yake alipunguzwa kiwanda cha nguo kilipouzwa, akarudi nyumbani, akawa mtu wa kukaa na kutazama ukuta. Nyumba ililishwa na mama, Paskazia, kwa dagaa aliowauza sokoni Igogo.

"Mama, mimi hawanipunguzi," Mhoja alimwahidi. "Mkanda ni wangu."

Kumbe mkanda haukutolewa na maafande. Desturi ya kambi ilikuwa kwamba siku ya kuhitimu, makuruta husimama uwanjani, kisha kila mmoja huenda kimya kimya kusimama nyuma ya mwenzake ambaye angekubali kumfuata vitani. Mwenye mstari mrefu ndiye anayevishwa.

Wiki moja kabla, waliogelea kutoka kisiwani hadi ufukweni. Katikati ya maji Obedi, kijana wa Kiseke, alibanwa na misuli.

"Mhoja! Nakufa, Mhoja!"

Mhoja alisikia, tena vizuri sana. Akajiambia boti ya uokoaji itamfikia, akakata maji, akafika wa kwanza. Aliyegeuka ni Ndalahwa, yule mzito wa kufika mwisho kila siku, akamshikilia Obedi kidevu juu ya maji mpaka boti ikaja. Jioni hakuna aliyemsema Mhoja. Heri wangemtukana!

Siku ikafika. Wazazi waliketi chini ya turubai, na hakuna aliyekumbuka kuwaeleza desturi ile. Filimbi ikalia. Obedi alitoka wa kwanza, akampita Mhoja bila kumtazama, akaenda kusimama nyuma ya Ndalahwa. Wengine wakafuata. Mhoja alikaza macho mbele. Mmoja tu, aliomba moyoni, aje hata mmoja. Hatua zilipita kulia, zikapita kushoto, kisha uwanja ukatulia. Alikuwa amebaki katikati, peke yake.

Ndipo vigelegele vikapasuka kutoka kwenye turubai. Paskazia alikuja mbio na kitenge kipya, kama mama wa bwana harusi, akamfunika mwanawe mabegani.

"Mwanangu! Nilijua mimi! Nani atakupunguza sasa?"

Afande mkuu aliinamisha kichwa. Mhoja alitamani ardhi impasukie.

"Mama, si mimi," alinong'ona.

"Si wewe namna gani, na wote wamekupisha ukabaki peke yako?"

Mhoja alivua kitenge, akamrudishia mikononi, akatembea hadi nyuma ya mstari wa Ndalahwa, akasimama wa mwisho. Mama yake akabaki katikati ya uwanja na kitenge chake, akiangalia huku na huku, akitafuta mtu wa kumweleza kulikoni.