Taa za Jumapili

Kaka yangu Kaleli alikuwa mtu wa kuweka. Wenzake huweka akiba, yeye aliweka kila kitu. Ukimpa sabuni ya kunukia, ataiogea mwaka ujao, na hapo ni kama umemkumbusha. Nilimnunulia sweta la bluu kwa sababu ya baridi ya Ruiru ya mwezi wa saba, na mwezi wa saba ukaisha akiwa bado kwenye koti lake lililotoboka viwiko. Nikamuuliza sweta liko wapi. Akasema liko salama. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu pale Makongeni ninakouza mboga anajua, na siku hiyo nilimwambia kwamba sikununua sweta ili sweta liwe salama. Alicheka tu, akaniongezea chai.

Tabia hiyo hakuiokota barabarani. Mama yetu, kule Yatta, alikuwa na sahani za udongo zenye maua mekundu, zimefungiwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Zilikuwa za wageni. Sisi tulikula kwenye bakuli za plastiki zilizopasuka, na sahani zikaendelea kungoja mgeni ambaye hakuna aliyefikia cheo chake. Chifu alikuja, akala kwenye plastiki. Pasta alikuja, mama akawaza kidogo, akampakulia kwenye plastiki pia. Zilitoka sandukuni siku tuliyomzika mama, wazee wakala wali humo, na mbili zikavunjika siku hiyohiyo. Nilidhani Kaleli aliona nilichoona mimi. Kumbe yeye aliona zile mbili zilizovunjika tu.

Alianza kazi akiwa kijana, kufagia ndani ya kiwanda kimoja cha nguo Thika, na akazeekea humo. Ijumaa moja wakaambiwa wasirudi Jumatatu. Hakuna aliyewaeleza kwa nini. Walisimama nje ya lango wiki nzima wakidhani mtu atatoka aseme neno, na hakutoka mtu. Nduku, mkewe, akafariki mwaka uliofuata, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Baada ya hapo Kaleli akawa na woga ambao hakuwa nao zamani. Akiitwa na mtu yeyote aliyevaa tai, alikuwa akivua kofia kabla hajajua anaitiwa nini.

Kanisa moja dogo lililo nyuma ya baa za nyama choma za Kamakis, hapo Ruiru, ndilo lililomwokota. Wakampa kazi ya kulitunza na chumba cha mabati nyuma ya ukumbi. Kazi na chumba vilikuwa kitu kimoja. Akipoteza kazi amepoteza kitanda, na umri wake haukuwa wa kuanza kutafuta nyumba ya kupanga Ruiru. Nilimwambia mara nyingi aje akae kwangu Thika. Alisema mtu mzima halali sebuleni kwa dada yake. Kwa hiyo alikishika chumba kile kwa mikono miwili.

Sasa, taa. Ukumbi ule ulikuwa na taa za tyubu za zamani, zile za kuvuma na kupepesa. Moja ilikuwa ikipepesa mahubiri yote, hata ukatamani kuombewa wewe na yenyewe. Muumini mmoja akatoa tyubu mpya za LED kama sadaka, na Jumamosi akaletwa Lenny kuzifunga. Lenny ni fundi stima, kijana wa kutoka upande wa Kakamega, anapanga pale Ruiru, na kazi yake ni safi. Alitoa choki na stata, vile vifaa vya kuzuia nguvu ya stima na kuiwasha tyubu, ndani ya kila nyumba ya taa, akageuza waya, stima ikawa inaenda moja kwa moja hadi kwenye tyubu mpya. Kisha akamwambia mwenyekiti wa kamati, Bwana Njau, kwamba tyubu za zamani zisirudishwe pale tena hata siku moja, ni hatari. Njau alikuwa kwenye simu. Akaitikia sawa, sawa. Lenny akataka kuondoka nazo akazitupe, Njau akasema ziachwe, mzee Kaleli ataziweka, huenda zikasaidia. Kaleli mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ametumwa kuwaletea wapishi wa kanisa maji. Haya yote niliambiwa na Lenny baadaye, akilia.

Jumapili ukumbi ukang'aa. Nilikuwepo. Tuliona kwa mara ya kwanza kwamba ukuta wa nyuma ulipakwa rangi mbili tofauti. Baada ya matangazo Bwana Njau akamsimamisha kaka yangu mbele ya watu.

"Mzee Kaleli, hizi taa sasa ziko mikononi mwako," akasema. "Ikiungua hata moja, wewe ndio utatuambia imeungua aje. Na ukishindwa kuzichunga, huko nje watu wa kutafuta kazi ni wengi."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Njau naye alicheka, pengine kwake ulikuwa mzaha. Kaleli alivua kofia.

Jumatatu kwaya ilipofika mazoezini, akawaambia waimbe mlango ukiwa wazi, mwanga wa nje unatosha. Jumanne wakaimba hivyohivyo hadi giza likaingia. Janice, anayeongoza kwaya, akampigia Njau simu, na Njau akampigia Kaleli kumuuliza watu wanaimba gizani namna gani na taa zimewekwa. Kaka yangu akabanwa pande zote mbili: taa ziwake, na taa zisiungue. Mwingine angesema, liwalo na liwe, akabonyeza swichi. Yeye alikaa akafikiri kwa akili aliyorithi kwa mama, na akapata njia.

Jumatano nilishuka Kamakis nikiwa na muthokoi wa mahindi na maharagwe kwenye kopo, chakula anachokipenda. Nikamkuta amesimamisha ngazi katikati ya ukumbi. Ukutani zimeegemezwa tyubu za zamani, amezipangusa vumbi zote.

"Unafanya nini, Kaleli?"

"Nabadilisha. Hizi mpya ni za Jumapili. Siku za kazi tutumie za zamani, bado zina uhai. Kwaya itaona, na mpya hazitachoka."

"Taa inachoka? Si Jumapili walitangaza zinakaa miaka?"

"Kila kitu kinachoka, mwana wa mwaitu."

Mtoto wa mama yangu. Hivyo ndivyo alivyoniita akitaka kumaliza ubishi. Nikamwambia ni ujinga, kupanda na kushuka ngazi kila wiki na magoti yale. Akaniambia nishike ngazi niache maneno. Nikashika. Sina la kujilaumu hapo, ngazi niliishika vizuri na haikuteleza. Ukitazama kutoka chini, nyumba ya taa ilikuwa ileile ya jana na juzi, na miguu ya tyubu ya zamani ni sawa na ya mpya, inaingia palepale. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ndani mambo si yaleyale tena. Hata kibandiko hakikuwepo.

Aliitoa ile mpya ya mbele ya mimbari, swichi ikiwa imezimwa. Akashuka nayo polepole. Kisha akaingia chumbani kwake, akarudi na sweta la bluu, lile langu, likiwa bado na karatasi ya duka kwenye ukosi. Akaizungushia tyubu, akailaza kwenye benchi la kwanza. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga kofi.

"Kumbe liko salama kweli," nikasema.

"Nilikwambia."

Halafu akaenda akawasha swichi. Hiyo hakusahau, alifanya kwa kujua. Kiwandani, mafundi aliowatazama miaka yote akifagia chini yao, tyubu walizibembeleza hivyo: stima imewashwa, unaizungusha kidogo huku na kidogo kule mpaka inashika, ndipo unajua imekaa. Kwa taa za zamani ulikuwa unapona, choki inazuia. Kaleli akapanda, akaingiza miguu ya tyubu, akaizungusha.

Palilipuka. Mwanga wa bluu, mlio mkali, na vioo vikanimwagikia kichwani. Alishtuka akarudi nyuma, na nyuma hapakuwa na kitu. Alitua kwa kisogo kwenye sakafu ya simiti, karibu na miguu yangu, na ngazi bado nimeishika.

Nilipiga magoti. Macho yalikuwa wazi. Nikamwita jina. Midomo ikatikisika, nikainama nisikie.

"Ile ingine iko sawa?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikageuka nikatazama benchi. Sweta halikuwa limesogea.

"Iko sawa," nikamwambia.

Akafumba macho. Hakusema tena neno, si kwangu wala kwa daktari. Tulimpeleka kwa gari la mchoma nyama mmoja wa jirani, Mungu ambariki mtu yule, na Jumamosi hospitali wakaniita.

Njau alikuja matangani na kofia mkononi, sasa ni zamu yake. Akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikamwambia Mungu hakuwa kwenye simu siku ile Lenny akieleza. Wanawake wakanivuta mkono ninyamaze, kwamba tuko msibani. Sikunyamaza. Nikamuuliza mbele ya watu ingemgharimu nini kumwambia mzee maneno mawili tu, zisirudishwe. Akatazama chini. Akasema hakuna aliyemruhusu mzee kupanda. Hata sasa nikimkumbuka akisema hivyo, damu yangu inachemka. Mtu umwambie taa zikiungua anafukuzwa, halafu akizificha umuulize nani alimruhusu.

Lenny alikuwa ametangulia kuja, peke yake, usoni amevimba. Alisema angebandika karatasi, alikuwa na kalamu mfukoni, akafikiri kwamba kumwambia mwenyekiti kunatosha. Nikamtengenezea chai. Huyo sikuweza kumkasirikia, ingawa nilijaribu.

Mochari nilimvalisha sweta. Nilisisitiza liwe lile. Nilikung'uta vioo vidogo, nikakata ile karatasi ya ukosi kwa meno kwa sababu sikuwa na mkasi. Lilikuwa bado linanuka duka, na lilimtosha kabisa.

Ibada ilikuwa Alhamisi, kabla ya kuondoka naye kwenda Yatta. Lenny alikuwa amerudisha kila kitu mahali pake, na tyubu ile iliyolala kwenye sweta ilikuwa imepanda tena mbele ya mimbari, sasa juu ya jeneza. Nilipoingia ukumbini nilisimama. Taa zote zilikuwa zinawaka. Saa nne asubuhi, jua limejaa nje, siku ya kazi, na taa zote zinawaka kwa sababu Kaleli amekufa. Nikazikumbuka sahani za mama. Nikalia pale kama mtoto, na watu wakadhani nalilia jeneza.

Pasta alihubiri vizuri. Alisema mzee alikuwa mwaminifu katika vitu vidogo. Janice na kwaya yake waliimba wakiona vitabu vyao vizuri. Kisha vijana wakabeba jeneza mabegani, nasi jamaa tukalifuata polepole kuelekea mlangoni.

Hatujafika mlangoni nikasikia swichi. Mstari wa mbele ukazima, kisha wa kati, kisha wa nyuma, mpaka tukawa tunatembea kwenye kivuli naye bado yumo ndani. Nikageuka nikiwa tayari kumrarua mtu, nikidhani ni Njau.

Hakuwa Njau. Alikuwa mzee mmoja mfupi nisiyemjua, amesimama karibu na ukuta, kidole bado kiko kwenye swichi. Nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi naitwa Mwau, mama," akasema, na akavua kofia. "Ndio mimi caretaker mpya. Nimeambiwa hizi taa nizichunge sana."

Hasira yote ikaniishia mwilini. Mkononi mwake kulikuwa na ufunguo wa chumba cha mabati, umefungwa kwa kamba ileile ya kaka yangu. Nilimwambia asipande ngazi hata siku moja, na anisikie vizuri, hata siku moja. Akasema sawa, mama. Kisha nikatoka nje, kwa sababu walikuwa wameanza kumpakia garini.