Ngamia Walioitikia Buruji

Saa tisa na dakika kumi na mbili mchana, siku ya Alhamisi, ngamia wa kwanza aligeuza shingo. Nina hakika na dakika hizo kwa sababu karani mwenye dhamana ya uwanja alikuwa ameketi karibu nami, na kila nilipomwuliza saa alivuta mkono wa shati akanisomea. Lakini nikiikumbuka siku ile, kinachonijia kwanza ni harufu ya majivu na ndimu. Kila Jumatano jioni baba yangu, tuliyemwita Aabo, alikaa kwenye mkeka uani, akachovya kitambaa katika majivu ya mgunga, akakamulia nusu ya ndimu, akaisugua buruji yake mpaka akaweza kuona meno yake mwenyewe katika shaba. Mikono yake ilinuka hivyo hadi Ijumaa. Hata chapati aliyotukatia asubuhi ilikuwa na uchachu wa mbali wa ndimu. Nilikuwa na miaka kumi, tuliishi Garissa, na ulikuwa msimu wa jilaal, kile kiangazi kirefu ambacho vumbi huingia hadi ndani ya chungu kilichofunikwa.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wazima kumi na wanane: buruji kumi, ngoma ndogo sita, ngoma kubwa moja, na kiongozi wao, Sajini Hirsi, mstaafu wa jeshi aliyetembea kana kwamba kuna mtu anamkagua. Waliobaki walikuwa madereva wa malori, mchinjaji, fundi cherehani, askari jela wawili, mwalimu mmoja kutoka bara, na Aabo, mlinzi wa ghala la nafaka. Aabo hakuzaliwa awe mlinzi. Alikuwa mfugaji, na ukame wa miaka miwili mfululizo ulimmalizia ngamia wote, akaingia mjini na fimbo na kikombe. Kwa miaka mitatu alikaa kwenye kibanda cha chai bila kusema neno zaidi ya salamu. Kisha Sajini akampa buruji iliyobonyea upande mmoja, na Aabo akaipuliza. Buruji haina vitufe wala matundu. Sauti zake ni chache, tano tu za kutegemewa, na zote hutoka kwa midomo na pumzi. Sababu yake niliisoma miaka mingi baadaye katika kitabu cha fizikia kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni baada ya kuacha shule darasa la saba. Aabo hakuhitaji kitabu. Aligundua kuwa sauti hizo tano zinatosha kabisa kwa wimbo ambao wafugaji huwaimbia ngamia wanapowanywesha, akaufundisha bendi nzima, na Sajini akaufanya kuwa wimbo wao wa kufungia.

Ayeeyo, mama yake Aabo, aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni, hakupendezwa. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema kila bendi ilipopita mbele ya kibanda chake. Siku moja alimsimamisha Sajini mbele ya wateja. "Hirsi, una wajukuu saba. Huoni haya kujaza mashavu barabarani?"

"Mama, nyumbani wajukuu ndio wanaopuliza na mimi ndiye ninayesikiliza," Sajini akamjibu. "Na mimi natafuta wa kunisikiliza."

Hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe: wa kuwasikiliza. Walifanya mazoezi kila Alhamisi saa kumi na robo, baada ya sala ya alasiri, katika uwanja wa vumbi ulio kando ya njia iendayo Mto Tana. Wafanyabiashara wa mbuzi waliutaka uwanja huo wauzungushie miiba. Karani hakuwa mtu mbaya, ila alitaka sababu ya kuandika. Akasema bendi ya Isiolo ingekuja kushindana nasi mwisho wa msimu, na siku hiyo yeye angekuja kutazama. Wakipatikana watu wazima mia moja walioketi, si waliopita, wakakaa mpaka bendi iteremshe buruji zake, uwanja ungebaki wa bendi. Wakipungua, mbuzi wangeingia Jumamosi. Hakukuwa na uwanja mwingine. Nilimtazama Aabo alipoleta habari hiyo nyumbani. Aliiweka buruji juu ya sanduku, akaketi vilevile alivyokuwa akiketi kwenye kibanda cha chai. Sijawahi kuogopa fisi kama nilivyouogopa ukimya ule ukirudi.

Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu. Wanabendi wangekuwa wanapiga, na karani alitaka mhesabu asiye na upande. Watu walicheka kwamba binti wa mpiga buruji atakosaje upande, lakini Sajini akanitetea. "Huyu ukimwomba aseme uongo, atakuuliza uongo wa ukubwa gani, kisha atakataa." Nilikwenda mtoni nikaokota makoche mia moja chini ya mikoche, nikayakausha, nikatafuta makopo mawili. Mtu akiketi, koche moja lilihama kutoka kopo la kushoto kwenda la kulia. Akiinuka, lilirudi. Nilijifunza katika mazoezi. Alhamisi ya kwanza waliketi saba, na wawili kati yao walikuwa wamelala. Ya pili kumi na wawili. Ya tatu kumi na tisa, kwa sababu mke wa mchinjaji alikuja na majirani kuona kama kweli mumewe anaweza kusimama wima saa nzima. Ya nne thelathini na mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chetu kilikuwa kikubwa na msimu ulikuwa unakwisha.

Siku ya mashindano wageni walifika na lori lililopita Modogashe, wamevaa kofia nyeupe, viatu vimepakwa rangi. Sisi tulikuwa bado tunachangishana fedha za kofia. Mwenye lori alitaka liondoke kabla ya giza, kwa hiyo shughuli ikasogezwa mbele hadi saa nane na nusu, jua likiwa juu ya vichwa. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na halikuwa la mtu mmoja. Saa kumi na robo ngamia huwa wamekwisha kunywa na wako njiani kurudi porini. Saa tisa huwa wanashuka mtoni, wana kiu ya siku nane, na njia yao inapita ukingoni mwa uwanja. Nusu ya wanabendi walizaliwa nyuma ya mkia wa ngamia, na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka hilo.

Wageni walipiga kwanza, wakapiga vizuri. Kisha wakaingia wetu. Joto liliwafukuza watu. Kwa kila koche nililolihamishia kulia, nilirudisha lingine kushoto. Ulipokwisha wimbo wa nne, kabla ya ule wa mwisho, Aabo alinitazama kutoka katikati ya safu. Kopo la kulia lilikuwa na sitini na moja. Nikatikisa kichwa. Akalamba midomo iliyokauka, akaiinua buruji, akaanza wimbo wa maji.

Alipiga peke yake mstari wa kwanza, kama walivyozoea. Sauti ilipita juu ya vumbi, ikawafikia ngamia waliokuwa wakipita njiani. Jike mmoja mkubwa, kengele ya mti shingoni, akageuza shingo. Akasimama. Kisha akaiacha njia, akaingia uwanjani kwa mwendo wa mtu aliyeitwa kwa jina, na wenzake wakamfuata, thelathini na saba kwa jumla. Walisimama katikati ya safu za bendi wakisubiri. Mmoja aliinusa ngoma kubwa. Mwingine aliweka kidevu juu ya bega la mwalimu wa bara, naye mwalimu aliendelea kupiga ngoma yake huku macho yamemtoka. Sajini hakuamuru kusimama. Nadhani hakujua amri ya jambo kama lile.

Wachungaji walikuja mbio, fimbo juu, lakini ngamia aliyesikia wimbo wa maji haondoki kabla ya maji. Walivuta, wakatukana, wakachoka, mwishowe wakaketi chini mstari mmoja. Nyuma yao wakaja watu wa soko waliosikia kwamba ngamia wamejiunga na bendi. Wanywaji chai walikuja na vikombe mkononi. Wauza maziwa wakaja wakiongozwa na Ayeeyo, wakaketi upande wa wanawake kando ya ukuta. Makoche yalihama mfululizo, themanini, tisini, kisha kopo la kushoto likawa tupu. Nikaanza kuokota kokoto. Lakini mkono ulikuwa unasita, maana nilijua watu hawa hawakuja kwa ajili ya buruji. Nikamwendea Ayeeyo, nikamwuliza kwa sauti ndogo kama ni haki kuwahesabu.

"Wewe umeambiwa uhesabu nini?" akaniuliza.

"Walioketi."

"Basi hesabu makalio yaliyo chini. Nia za watu zina Mwenye kuzihesabu."

Wimbo ulipokwisha na buruji zikateremshwa, nilikuwa na watu mia moja na kumi na wanane. Nilimpelekea karani makopo na kokoto. Akayatazama, akawatazama wachungaji. "Hawa wameketi kwa ajili ya mifugo yao," akasema. Aabo alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, buruji kifuani. Kabla hajasema lolote, mchungaji mmoja mwenye ndevu za hina, Dakane, alisimama akamwelekezea karani fimbo.

"Wewe karani, watu yako napiga wimbo ya maji. Maji iko wapi?"

"Mzee, huo ni wimbo wa mashindano tu."

"Ngamia hajui shindano. Ngamia najua maji."

Hapo Aabo akainamisha kichwa, kwa kuwa Dakane alikuwa na haki. Kwetu, anayeimba wimbo huo hunywesha, na hunywesha pale pale alipouimbia. Kumwimbia ngamia maji usiyokuwa nayo ni kumfundisha kutokuamini sauti ya mtu, na mfugaji atakayepoteza imani hiyo atapoteza kundi zima siku ya kiu. Ahadi ni deni hata kwa mnyama. Aabo akamgeukia Sajini, akamweleza kwa maneno machache. Sajini akatazama mfuko wa kitambaa uliokuwa na michango ya kofia, akautupa mikononi mwa fundi cherehani. "Kioski cha maji. Lete madebe yote. Bendi, kushoto geuka."

Walichimba shimo la kina kifupi uwanjani, wakalitandika turubai la lori la wageni. Kisha wakapanga mstari kutoka kioski hadi shimoni, wakapitishiana madebe. Wageni wa Isiolo walisimama pembeni kwa muda, halafu mmoja akavua kofia yake nyeupe akaingia katika mstari, na wote wakamfuata. Kila debe lililomwagwa, Aabo alipiga mstari mmoja wa wimbo, na watu wakaanza kuitikia. Hakuna aliyeondoka mpaka ngamia wa mwisho aliponyanyua pua yake inayodondoka maji. Ayeeyo alimwita Sajini, aliyelowa hadi magotini. "Leo debe halikuwa tupu," akamwambia. Karani alifunga daftari lake. "Waliketi," akasema, "na wamebaki. Sina la kuandika zaidi." Mbuzi hawakuingia Jumamosi.

Mashindano tulishindwa. Majaji walitukata alama kwa ajili ya safu zilizovunjika, na mmoja aliandika sababu kwa neno moja: wanyama. Lakini Alhamisi iliyofuata wachungaji wanne walikuja bila ngamia, wakaketi mbele, wakamwambia Aabo kwamba mstari wa tatu wa wimbo anaupiga haraka mno. Alibishana nao mpaka Magharibi. Sikuwahi tena kuuona ule ukimya.

Sasa nina miaka arobaini na tisa, na bado mimi ndiye ninayehesabu, ingawa siku hizi natumia kalamu na wasaidizi sita, mmoja kwa kila upande wa malango yetu matatu. Bendi za watu wazima zipo Garissa, Wajir na Mandera, na kambini Dadaab ipo moja ambayo wapiga ngoma wake walijifunzia kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Watazamaji hukodi magari kutoka Balambala na Griftu. Mwaka jana mama mmoja alisafiri siku mbili kutoka Lafey kumwona mumewe akipiga ngoma kubwa, kisha akamwambia mbele ya watu kwamba nyumbani hajawahi kubeba mzigo mzito hivyo. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, anapiga ngoma ndogo katika safu ya kwanza, jambo ambalo utotoni mwangu lisingefikiriwa. Vijana wenye simu husimama ukutani wakirekodi. "Hawa mabuda wako na moto," nilimsikia mmoja akiwasifu wazee wetu, na sikuona haja ya kumsahihisha.

Aabo bado yuko hai. Masikio yamedhoofika, kwa hiyo tunamweka kiti karibu na ngoma kubwa ili aisikie kwa nyayo. Midomo haishiki tena buruji, lakini kila Jumatano huisugua, na nyumba hunuka majivu na ndimu. Utotoni niliamini kwamba watazamaji hupatikana kwa kupiga vizuri zaidi ya jirani. Leo kabla ya bendi yoyote kuingia uwanjani lori la maji hufika kwanza, hori hujazwa, na wachungaji huulizwa saa za mifugo yao ndipo ratiba iandikwe. Wageni hudhani ni pambo. Sisi tunajua ni masharti ya wimbo.

Daftari la fundi cherehani alilolitumia siku ile liko kwangu. Madebe yalikuwa mia mbili na arobaini, shilingi moja kwa debe. Kofia hazikununuliwa mwaka ule wala uliofuata. Nimeijumlisha hasara hiyo mara mbili, na jibu ni lile lile: shilingi mia mbili na arobaini.