Kanzu ya Salumu

Idd iliyopita, nikiwa mbele ya duka langu pale Kibiti, nilimwona mtoto akiikodolea macho kanzu mpya ya mwenzake. Mimi mwenye maduka mawili na lori la fuso, niliyeishia darasa la nne, nilijiona mwenyewe katika mtoto yule.

Kijijini kwetu Mbwara, Wakristo tulikuwa familia yetu tu. Mchana mmoja wa Idd, nikiwa mtoto, pilau ilinukia kila nyumba, na rafiki yangu Salumu alipita na kanzu inayonukia kitambaa kipya. Nikajifungia ndani, nikasusa ugali na kambale.

Mama akafumba macho. "Asante Mungu kwa kanzu ya Salumu."

Nikadhani amechanganya watoto. Nikaogopa Mungu naye atakosea nyumba.

"Mama, hiyo siyo yetu."

"Najua, baba. Aliyempa yeye ndiye aliyetupa kambale huyu. Shukuru na wewe, ugali unapoa."

Nikashukuru huku nimenuna, kanzu kwanza, kambale baadaye. Kisha nikala, nikamaliza mpaka kichwa.

Nilipotoka, Salumu alikuwa ananingoja.

"Ulikuwa umelala, we?"

"Nilikuwa nakula. Kanzu imekupendeza."

Nilisema kweli, wala haikuniuma.